Kuhamisha diski ya seva si kuchomoa na kuchomeka tu

Kila asubuhi watu wa Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben humiminika kwa miguu kuelekea viwanda vya Enterprise Road na Lunga Lunga. Kwa kiwanda chenye seva yake, siku walizofanya kazi, ovataimu na makato ya NSSF yote yanakaa kwa diski za mashine moja huko ofisi ya nyuma. Mashine ikizeeka, msee wa IT anaambiwa ahamishe diski kwa seva mpya. Hapo ndipo mshahara wa mtu unaweza kupotea.

Swali la kwanza: ni lazima diski ihame? Kama seva zote mbili bado zinawaka, ziunganishe kwa waya wa mtandao unakili data kwa programu kama rsync. Diski ya zamani inabaki palepale, salama.

Kama ni lazima, jua kwamba diski za seva mara nyingi hufanya kazi kwa kundi, mpango unaoitwa RAID. Kwa RAID 5, data hugawanywa kwa diski 3 au zaidi. Moja ikifa, zingine zinaendelea. Zikifa mbili, kwisha maneno. Na usidhani RAID ni nakala ya akiba: ukifuta faili, imefutika kwa kundi lote.

Kwa hivyo nakala inakuja kabla ya bisibisi. Mafundi hufuata kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwa vyombo vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Kisha ijaribu kwa kuirudisha kwa mashine nyingine. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni matumaini tu.

Pima afya ya diski kwa smartctl. Ikionyesha sehemu mbovu, inakili nzima kwa ddrescue kwanza. Angalia pia aina yake: seva ya SAS kwa kawaida hupokea diski ya SATA, lakini ya SATA haipokei diski ya SAS.

Sasa zima seva vizuri, using'oe waya. Bandika namba kwa kila diski kulingana na nafasi yake, upige picha. Zifunge kwa mifuko ya kuzuia umeme tuli, uzizungushie sponji. Kuzirusha kwa begi ukiwa nyuma ya boda kwenye mashimo ni kutafuta balaa.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Kadi ya RAID kwa seva mpya ikiona diski ngeni, itakuuliza la kufanya. Ikikupa Import, inataka kusoma ramani iliyoandikwa kwa diski. Initialize ni kuanza upya, na hapo unaweza kuaga data yako. Kadi ya kampuni tofauti inaweza kukosa kuielewa ramani hiyo kabisa, kwa hivyo uliza mapema. Kama kundi liliundwa na Linux yenyewe, mdadm husoma ramani bila kadi. Kwa fstab tumia UUID, maana sda ya jana inaweza kuamka ikiwa sdb.

Stima nayo? Weka UPS. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja pale Gitaru alizimia nchi nzima taa. Hutaki hiyo ikupate katikati ya kunakili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo usitangaze kazi imeisha kwa sababu seva imewaka. Fungua mishahara ya mwezi uliopita, ulinganishe jumla na karatasi za uhasibu, kisha uchague vibarua wachache uangalie ovataimu yao, mmoja mmoja.

Diski ambazo hazitumiki tena zifiche wiki kadhaa. Baadaye zifute kabisa kabla hazijauzwa, kwa sababu majina na namba za vitambulisho vya watu hao zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019.