Mzimamoto huhitaji akili iliyoandaliwa kabla ya maji

MOTO ulipoteketeza duka la Nakumatt Downtown jijini Nairobi mnamo Januari 28, 2009, mjadala uliofuata ulihusu milango ya dharura na vifaa vya uokoaji. Ndivyo ilivyo kila mkasa unapotokea. Tangu Katiba ya 2010 izikabidhi kaunti jukumu la kuzima moto, magavana nao hupenda kupigwa picha kando ya magari mapya ya zimamoto. Ni nadra mtu kuuliza kinachoendelea akilini mwa yule anayetumwa kuingia ndani ya moshi.

Kisa kinachofunza mengi kuhusu swali hilo kilitokea mbali na hapa, katika bonde la Mann Gulch, jimbo la Montana nchini Marekani, mnamo Agosti 5, 1949. Siku hiyo wazimamoto 15 waliruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege ili wazime moto wa msituni, wakaungana na mlinzi mmoja wa msitu aliyewatangulia. Hawakuuona kuwa moto wa kutisha.

Walipokuwa wakiteremka kuelekea Mto Missouri, kiongozi wao, Wagner Dodge, aligundua kwamba moto ulikuwa umeruka bonde na kuwakatia njia. Akawageuza wapande mlima. Nyasi zilikuwa kavu, mteremko ulikuwa mkali, na moto hupanda mlima kwa kasi inayomshinda binadamu.

Dodge aliwaamuru watupe vifaa vyao. Kisha akafanya jambo lililowashangaza: aliwasha kiberiti, akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake na kuwaita waingie pamoja naye mahali palipokwisha kuungua. Hakuna aliyemtii. Yeye alilala kifudifudi majivuni, na moto mkubwa ukampita kwa kukosa cha kuteketeza. Kati ya watu hao 16, 13 walifariki. Mbali na Dodge, walionusurika ni vijana wawili waliopenya katika ufa wa miamba iliyokuwa juu ya mlima.

Mbona wasimtii? Mwaka wa 1993, Karl Weick, msomi wa saikolojia ya mashirika, alichapisha uchanganuzi unaosomwa hadi leo. Kwa maoni yake, mzimamoto anayeambiwa atupe sururu na msumeno hubaki akijiuliza yeye ni nani sasa. Kiongozi anayewasha moto huku moto mwingine ukimkimbiza huonekana ameingiwa na wazimu. Isitoshe, kundi hilo halikuwa limezoeana vya kutosha na kiongozi wake, na muda wa kueleza haukuwapo. Imani ya aina hiyo hujengwa kambini, siku nyingi kabla ya king'ora kulia.

Hofu nayo hufanya kazi yake mwilini. Moyo hudunda mbio, macho huona kilicho mbele tu, na masikio huweza kukosa kusikia hata amri inayotolewa kwa sauti kubwa. Anayehema kwa woga humaliza haraka hewa iliyo katika mtungi mgongoni mwake. Ndiyo maana vikosi makini huwafanyisha askari wao mazoezi gizani, wakipapasa bomba la maji ili kutafuta njia ya kutokea, mpaka mikono ijue bila kuambiwa.

Hata hivyo, mazoea yanaweza pia kuua. Mnamo Julai 1994, wazimamoto 14 waliangamia katika mlima wa Storm King, jimbo la Colorado, baadhi yao wakiwa bado wamebeba vifaa walipokuwa wakikimbia.

Mtafiti Gary Klein, aliyewahoji makamanda wa zimamoto katika miaka ya 1980, aligundua kwamba wengi wao hawakuwa wakilinganisha njia mbalimbali kabla ya kuamua. Mmoja aliwatoa vijana wake ndani ya nyumba ghafla, na punde sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka. Aliamini alikuwa na kipawa kisicho cha kawaida. Baada ya kuhojiwa kwa kina, ikabainika kuwa chumba kilikuwa na joto lililopita kiasi, moto ulikuwa kimya mno, na maji yalimwagwa bila kuupunguza. Moto wenyewe ulikuwa chini, katika chumba cha ardhini. Kamanda huyo hakujua kwamba nyumba hiyo ilikuwa na chumba kama hicho, lakini miaka ya kazi ilikuwa imemfunza jinsi moto wa kawaida unavyopaswa kuwa, na huo haukuwa hivyo.