Kiangazi Bariadi: Mchicha wa ndoo mbili

MVUA zikikatika mwezi Mei, mboga huanza kuadimika Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Fedha za pamba huja mara moja kwa mwaka, ila mboga huhitajika kila jioni.

Kosa la wengi ni kuinua matuta kama ya viazi. Masika yanafaa, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga unaotuamisha maji. Kiangazi, tuta lililoinuka hukaushwa na jua na upepo pande zote.

Dawa yake ni jaruba dogo mfano wa lile la mpunga: lichimbwe kina cha kiganja, lichanganywe samadi (Usukuma haikosi ng’ombe), kisha lifunikwe nyasi kavu kati ya mistari. Jaruba la meta 1 kwa 4 hutosheka na ndoo mbili za lita 20 kwa siku, jua likishapoa. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Kunde, mgagani na bamia huvumilia zaidi. Mpapai upewe maji ya bafuni, bila kutuama, maana mizizi yake huoza upesi.

Halafu kuna mbuzi. Ua wa minyaa humzuia kwa utomvu wake mkali, lakini kuku hupenya chini. Hapo huzibwa kwa matawi ya miiba.

Majani ya kunde yanayozidi masika huchemshwa na kuanikwa. Ndiyo nsansa, mboga ya Oktoba kisima kikishashuka.