Sabuni isiyotoa povu: kwa nini kituo cha afya huinunua?

Baada ya moja ya vipindi vyetu vya afya tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji ambaye ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa kituo cha afya cha kwao. Kamati ilikuwa imekaa kupitia matumizi ya miezi mitatu. Kwenye orodha wakakuta dumu la lita 5 la sabuni ya maji ya kuoshea vifaa vya upasuaji, na bei yake ingetosha kununua madumu kadhaa ya sabuni ya kawaida. Mjumbe mmoja akataka kuiona. Wakamimina kidogo kwenye ndoo ya maji, wakakoroga kwa kijiti, povu halikutoka. "Ndugu zangu watangazaji," akatuuliza, "hayo si maji yaliyotiwa rangi? Tumeibiwa au hatukuibiwa?"

Swali ni zuri, na mjumbe anayeuliza hivyo anafanya kazi aliyochaguliwa kuifanya. Lakini kwa sabuni hii povu si kipimo. Imetengenezwa makusudi isitoe povu, au itoe kidogo sana, na ndani yake mna kitu ambacho sabuni ya mche haina: vimeng'enya. Tueleze kwa utaratibu, maana nyuma ya dumu hilo kuna usalama wa mama anayefanyiwa upasuaji wa kujifungua, kijana anayeshonwa jeraha la panga na mtoto anayetahiriwa.

Tuanze na damu. Aliyewahi kufua kanga yenye damu anajua kwamba ukianza na maji ya moto, doa hilo halitoki tena. Damu imejaa protini, na protini ikipata moto huganda na kushika, kama ute wa yai kwenye kikaango. Sasa fikiria mkasi wa upasuaji. Una kiungo katikati, mahali bapa mbili zinapokutana. Kibano cha kuzuia damu kina meno madogo na kufuli ya kukishikilia. Damu, mafuta ya mwili na vipande vidogo vya nyama huingia humo na kukauka. Kwa macho kifaa kinang'aa. Ukikifungua na kukisugua kwa brashi ndogo, maji yanatoka na rangi ya kahawia.

Wengi husema: si kitu, kwani baadaye vifaa vinaingia kwenye mtungi wa mvuke, ule ambao wauguzi huuita otoklevu, na humo nyuzi joto hufika 121 au zaidi. Mdudu gani atapona? Tatizo ni kwamba mvuke huua kile unachokigusa. Damu iliyokauka ni kama ukuta wa udongo, na vijidudu vilivyo nyuma yake vinaweza kupona. Hata vikifa vyote, ule uchafu wenyewe unabaki kwenye kifaa na kuingia kwenye kidonda cha mtu mwingine. Ndiyo maana wataalamu wa kazi hii husema unaweza kusafisha kifaa bila kukitakasa, lakini huwezi kukitakasa bila kwanza kukisafisha.

Uzito wa jambo hili tuutaje kwa tarakimu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 kati ya kila 100 wanaofanyiwa upasuaji hupata maambukizi. Barani Afrika, hadi wanawake 20 kati ya 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Sababu ni nyingi: mikono, maji, hewa ya chumba, hali ya mgonjwa mwenyewe. Vifaa vichafu ni sababu mojawapo, na afadhali hii iko ndani ya uwezo wa kituo chenyewe.

Vimeng'enya ni nini basi? Mpishi wa pwani anavijua hata kama hajawahi kusikia jina hilo. Anapotaka nyama ngumu ya mishkaki ilainike, huipaka papai bichi lililosagwa na kuiacha kwa muda. Utomvu mweupe wa papai una kimeng'enya kinachokata protini vipande vipande. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, watu wamekuwa wakigema utomvu huo na kuuza. Mfano mwingine uko kinywani mwako: tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa kwa muda mrefu bila kumeza, utaanza kuonja utamu. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari.

Sabuni ya vifaa vya upasuaji hutumia kanuni hiyohiyo, ila vimeng'enya vyake kwa kawaida hupatikana kwa kufuga bakteria au kuvu kiwandani. Kimoja hukata protini za damu na makamasi, kingine hukata mafuta, kingine wanga. Sabuni nyingine ina kimoja tu, nyingine ina vyote. Uchafu ukishakatwa vipande, hulegea na kuondoka na maji, hata kule ambako brashi haikufika vizuri. Wazo lenyewe si geni. Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya kutumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama katika kufua nguo tangu mwaka 1913. (Usijaribu papai kwenye mikasi ya zahanati, tafadhali. Kipimo chake hakijulikani, na mabaki yake ni uchafu mwingine.)

Kuna masharti. Vimeng'enya vinapenda maji ya uvuguvugu, na sabuni nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40 hivi, ingawa lebo ya dumu ndiyo yenye neno la mwisho. Kwenye maji baridi sana vinafanya kazi kwa uvivu. Kwenye maji ya moto sana vinaharibika, kwa kuwa navyo ni protini. Vinahitaji pia muda, kwa kawaida dakika kadhaa. Anayechovya na kutoa papo hapo ametupa fedha.

Na jambo hili tulirudie hata mara tatu: sabuni ya vimeng'enya haiui vijidudu. Inaondoa uchafu tu. Maji yake yaliyokwisha kutumika yana damu na vijidudu hai, na yakiachwa mpaka kesho, vijidudu vitazaliana humo. Yamwagwe kila baada ya kazi.

Turudi kwenye povu. Sote tumelelewa kuamini kwamba povu ndio usafi. Mama akifua na povu lisipande, anaongeza sabuni. Kwenye vifaa vya upasuaji povu lina hasara, na ya kwanza inamhusu mwoshaji. Ndani ya karai mna visu, mikasi yenye ncha na ndoano. Povu likifunika maji, mkono unaingia gizani. Mtu akijichoma kwa kifaa chenye damu ya mgonjwa anaweza kuambukizwa homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Maji yasiyo na povu yanamwezesha kuona anachoshika.

Hasara ya pili iko ndani ya mirija. Vifaa vingine vina tundu refu jembamba, kama mrija wa kunyonya damu wakati wa upasuaji. Kiputo cha hewa kikikaa humo, sabuni haigusi ukuta wa mrija mahali hapo, na uchafu unabaki. Hospitali kubwa zina mashine za kuoshea, na huko povu ni adui zaidi. Mashine inayorusha maji kwa nguvu, povu likizidi, pampu yake hunyonya hewa badala ya maji na nguvu inapungua. Mashine inayotumia mawimbi ya sauti hutengeneza viputo vidogo mno vinavyopasuka na kubandua uchafu, na povu linayafifisha mawimbi hayo.

Hasara ya tatu wasikilizaji wetu wa vijijini wataielewa kuliko mtu wa mjini, nayo ni maji. Sabuni yenye povu jingi inahitaji kusuuzwa mara nyingi, na kituo kinachotegemea tangi la maji ya mvua hakiwezi kumudu hilo. Sabuni isiyosuuzwa vizuri hubaki kwenye chuma na kuingia kwenye kidonda. Kama maji ni ya kisima yenye chokaa nyingi, sabuni ya mche huungana na chokaa hiyo na kufanya utando wa kijivu unaong'ang'ania chuma, ule tunaouona kwenye beseni la kuogea. Sabuni ya unga ya kufulia nayo haifai hapa, hata kama pakiti inasema ina vimeng'enya, kwa kuwa ina povu na manukato, na pengine dawa ya kung'arisha nguo.

Kwa haki tuseme kuna dawa ya kunyunyizia vifaa mara tu upasuaji unapoisha ambayo hutoka kama povu kwa makusudi, ili ishikamane na kifaa na kuzuia damu isikauke. Hiyo ni ya kungojea tu. Kuosha kwenyewe huja baadaye.

Hapo msikilizaji mwingine atauliza kuhusu Jik. Kwa miaka mingi watumishi wa afya katika nchi zetu walifundishwa kuloweka vifaa kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 kabla ya kuosha, na bado utaikuta ndoo hiyo katika vituo vingi. Mwongozo wa WHO na shirika dada la afya la Amerika, PAHO, wa mwaka 2016 hauishauri tena njia hiyo. Damu hudhoofisha nguvu ya klorini, kwa hiyo mtumishi anadhani kifaa ni salama kumbe sivyo. Klorini pia hula chuma, na mkasi ulioanza kutoboka kwa kutu una mashimo ambamo uchafu hujificha. Klorini bado ina kazi yake, kwa mfano kwenye sakafu iliyomwagikiwa damu. Isiwe tu kituo cha kwanza cha mkasi.

Katika kituo kisicho na mashine kazi inakwenda hivi. Upasuaji ukiisha, vifaa visiachwe vikauke. Hufunikwa kwa kitambaa chenye maji na kupelekwa sehemu ya kuoshea ndani ya chombo chenye mfuniko. Mwoshaji anavaa glavu nzito, aproni isiyopitisha maji, kinga ya uso na viatu vilivyofungwa. Anapima maji, anapima sabuni. Anafungua kila kiungo, anatenganisha kinachotenganishwa, anazamisha vyote, anasubiri dakika zilizoandikwa. Kisha anasugua kwa brashi laini, kifaa kikiwa chini ya maji ili yasiruke usoni. Brashi ya waya wa chuma hukwaruza, isitumike. Anasuuza kwa maji safi, anakausha, anakagua kwenye mwanga. Kikiwa na doa kinarudi mwanzo. Baada ya hapo ndipo mtungi wa mvuke.

Glavu na kinga ya uso si kwa ajili ya damu peke yake. Mwaka 1969 ilielezwa katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni nchini Uingereza walikuwa wakiugua kifua kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya. Sabuni ya maji haina vumbi hilo, lakini matone yanayorushwa hewani yanaweza kuwasha ngozi na kuamsha pumu.

Asidhani mtu kwamba shida hii ni ya maskini tu. Mwaka 2015 hospitali moja kubwa ya Los Angeles, Marekani, ilitangaza kwamba wagonjwa 7 waliambukizwa bakteria sugu kwa dawa kupitia mirija ya kuchungulia tumboni, na bakteria hao walichangia vifo vya 2 kati yao. Hospitali ilisema ilikuwa imefuata maelekezo ya mtengenezaji. Ncha ya mrija ilikuwa na sehemu ndogo inayosogea ambayo ni vigumu mno kuisafisha.

Na bei? Sabuni hii haitumiki kama ilivyo, huchanganywa. Chukulia lebo inasema mililita 5 kwa kila lita ya maji. Dumu la lita 5 litatoa lita 1000 za maji ya kuoshea. Gawanya bei ya dumu kwa 1000 ndipo ulinganishe na sabuni ya kawaida. Kamati inayotaka kujua kama imeibiwa iangalie lebo: imeandikwa kwamba ni ya vifaa vya tiba, ina vimeng'enya, na tarehe ya mwisho haijapita? Dumu limekaa kivulini au juani? Vimeng'enya havipendi joto la stoo yenye bati. Kisha iulize brashi ziko wapi, na glavu nzito ni jozi ngapi.

Tulimpigia mjumbe wetu tukamwambia hayo. Siku chache baadaye alitujibu. Lebo ilikuwa sawa, tarehe bado. Kilichokosekana ni kipimo: aliyeko zamu alikuwa akimimina kwa kukadiria na kifuniko cha dumu, leo zaidi, kesho pungufu. Kamati imekubaliana bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano, lifungwe kwa kamba kwenye mkono wa dumu.