Miwani na Helmeti: Jinsi ya Kuvaa Vyote Viwili kwa Pamoja

Katika steji za bodaboda kati ya mji wa Kisii, Keroka na Nyamira si ajabu kumwona mwendeshaji akiwa na miwani ya daktari anaposubiri abiria, kisha akaivua na kuitia mfukoni pikipiki inapowashwa. Sababu anayotoa huwa moja: miwani haikai ndani ya helmeti. Wengine hufanya kinyume. Miwani hubaki usoni nayo helmeti huning'inia kwenye usukani, ikingoja kuvaliwa karibu na kizuizi cha polisi.

Hakuna kati ya hao wawili aliye salama, na hakuna anayelazimika kuchagua. Miwani na helmeti huvaliwa pamoja kila siku na mamilioni ya watu duniani. Tatizo huwa ni fremu isiyofaa, helmeti isiyo ya saizi, au namna ya kuvaa ambayo mhusika hakuwahi kuonyeshwa.

Upande wa helmeti, sheria haina utata. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamtaka mwendeshaji wa pikipiki pamoja na abiria wake kuvaa helmeti na jaketi lenye viakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu kwa wakati. Sheria kando, tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2008, ambayo ilijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, ilionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa aliyepata ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

Upande wa macho, hesabu rahisi inatosha. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mwendeshaji anayeona shimo, ng'ombe au mtoto akiwa bado mita 60 ana sekunde 4 hivi za kupunguza mwendo. Asiyeona vizuri hadi afike mita 20 ana sekunde moja na nusu, na sehemu ya hiyo huisha kabla hata mkono haujafika kwenye breki. Katika barabara zetu za milimani, ambapo kona hufuatana na migomba hufunika vijia vinavyotokea barabarani, sekunde hizo ni kitu kikubwa.

Nchini Uingereza, kila dereva anapaswa kuweza kusoma nambari ya gari akiwa umbali wa mita 20 mchana, akiwa amevaa miwani ikiwa anaihitaji. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari, lakini mtu yeyote anaweza kukijaribu hapo steji kwa kuhesabu hatua ndefu 20 kutoka kwenye gari lililoegeshwa. Anayelazimika kukunja uso au kusogea karibu ndipo asome, anahitaji kupimwa.

Kabla ya kufika kwenye helmeti, kuna kosa moja linalostahili kutajwa kwa sababu limeenea sana. Baadhi ya waendeshaji hununua sokoni miwani ya kusomea, ile ya bei nafuu inayopangwa kwenye mbao karibu na steji, na kuivaa barabarani ili kuzuia upepo, vumbi na wadudu. Miwani hiyo imetengenezwa kumsaidia mtu aliyefikisha miaka 40 hivi kusoma maandishi madogo akiwa ameyashika mkononi. Huleta karibu yaliyo karibu na kuvuruga yaliyo mbali. Mwenye macho mazima akiivaa anapoendesha anajitia upofu kidogo kwa pesa zake mwenyewe. Anayetaka kinga ya upepo anahitaji helmeti yenye kioo cha mbele, au miwani isiyo na nguvu yoyote. Naye aliyeandikiwa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuona mbali, anapaswa kuendesha akiwa na ule wa mbali.

Kwa nini inauma

Malalamiko makubwa ni maumivu juu ya masikio na kichwa kugonga baada ya nusu saa. Maumivu hayo hutoka kwenye mikono ya miwani. Helmeti inayokaa sawasawa hubana mashavu na pande za kichwa, na mkono mnene wa fremu ukiingia katikati hugandamizwa kwenye mfupa. Mkono ulioinama sana nyuma ya sikio huleta shida zaidi, kwa sababu hauwezi kuteleza ndani helmeti ikishavaliwa.

Kwa hiyo fremu inayofaa ni yenye mikono myembamba, bapa na iliyonyooka, ambayo mwisho wake umeinama kidogo tu. Fremu nene za plastiki zinazopendwa na vijana zinapendeza kwenye picha, lakini ndizo zinazoumiza zaidi. Lenzi ziwe za plastiki ngumu au polikaboneti wala si za kioo, kwa kuwa kioo kikivunjika mbele ya jicho madhara yake yanajulikana.

Mpangilio wa kuvaa nao una maana. Wengi hujaribu kuivuta helmeti juu ya miwani ambayo tayari ipo usoni, na hapo ndipo fremu hupinda na pua kuchubuka. Kwa helmeti inayofunika uso wote, miwani huvuliwa kwanza. Helmeti huvaliwa, kioo cha mbele huinuliwa, kisha miwani huingizwa polepole kupitia uwazi wa uso, mikono yake ikipita kati ya sifongo na ngozi, juu kidogo ya sikio. Ndipo mkanda wa kidevu hufungwa. Wakati wa kuvua, miwani hutoka kwanza. Helmeti ambayo sehemu yake ya kidevu huinuka yote hurahisisha kazi hii, na kwa mtu anayepanda na kushuka mara 30 kwa siku urahisi huo una thamani yake. Helmeti ya uso wazi ni rahisi kuliko zote kwa mwenye miwani, ila haikingi kidevu wala taya.

Ikiwa bado inabana, kuna baadhi ya helmeti zenye mfereji mdogo kwenye sifongo ulioachwa kwa ajili ya mikono ya miwani. Nyingine zina mito ya mashavu inayotoka na inaweza kubadilishwa kwa myembamba. Jambo lisilofaa kabisa ni kuchukua kisu na kuchonga ndani. Chini ya sifongo laini lenye kitambaa kuna tabaka la povu jeupe gumu, linalofanana na lile linalopakiwa pamoja na televisheni mpya. Tabaka hilo ndilo hasa linalookoa maisha. Kichwa kinapogonga, povu hupondeka na kumeza nguvu ya pigo badala ya ubongo kuipokea. Likichongwa, hakuna kitu cha kupondeka mahali hapo. Kwa sababu hiyo hiyo, helmeti iliyowahi kugonga lami kwa nguvu imemaliza kazi yake hata kama ganda la nje bado linang'aa. Mnunuzi wa helmeti iliyokwisha kutumika hana njia ya kujua historia yake.

Wapo pia wanaotatua shida kwa kununua helmeti kubwa kupita kichwa. Miwani hukaa raha, lakini helmeti ya namna hiyo huchomoka kabla kichwa hakijafika chini. Kipimo chake ni chepesi: ikishavaliwa na kufungwa, helmeti ishikwe kwa mikono miwili na kuzungushwa kulia na kushoto. Ngozi ya mashavu na paji la uso inapaswa kusogea pamoja nayo. Ikizunguka yenyewe huku uso umetulia, ni kubwa mno. Mnunuzi aangalie pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS, au herufi E ndani ya duara inayowekwa kwenye helmeti zilizopimwa kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa.

Ukungu wa alfajiri na mvua ya alasiri

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira na Borabu ziko juu zaidi. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati wanafunzi wanapelekwa shule na majani chai yanaanza kuchumwa, baridi ni kali. Pumzi ya moto na yenye unyevu hupanda kutoka puani, hukuta lenzi baridi na kugeuka matone madogo. Mwendeshaji huona weupe mtupu.

Waliovaa barakoa wakati wa janga la Covid-19 mwaka 2020 wanaijua hali hii, na dawa yake inafanana. Skafu au shali inayofunika pua kwa ajili ya baridi huelekeza pumzi yote juu kwenye miwani, kwa hivyo ni afadhali iishie chini ya pua au ibanwe vizuri kwenye mfupa wa pua. Kioo cha helmeti kiachwe wazi kwa upana wa kidole pikipiki inapopanda mlima polepole, na kiinuliwe chote inaposimama. Tone dogo la sabuni ya maji ya vyombo, likipakwa kwenye lenzi safi na kufutwa kwa kitambaa laini hadi lisionekane, huzuia ukungu kwa muda. Lenzi zioshwe kwanza kwa maji. Anayefuta vumbi la murram kwa pindo la shati anasaga mchanga juu ya lenzi zake, na miezi michache baadaye atalaumu aliyemuuzia.

Mvua ni habari nyingine, na huku kwetu haina msimu mmoja. Miwani haina waipa. Mwenye helmeti isiyo na kioo hupokea matone moja kwa moja kwenye lenzi, na hawezi kuyafuta huku ameshika usukani. Kioo cha mbele hupokea mvua na kuiacha miwani ikiwa kavu. Kwa mvaaji miwani, basi, kioo hicho si pambo.

Usiku, mikwaruzo ndiyo adui. Mwanga wa lori linalokuja hutawanyika kwenye kila mchubuko wa kioo cha helmeti, kisha hutawanyika tena kwenye lenzi, na barabara hupotea. Kioo kilichochakaa hubadilishwa bila kulazimika kununua helmeti nzima, mradi aina yake inapatikana. Kioo cheusi ni cha mchana pekee. Lenzi zinazogeuka nyeusi juani huchukua muda kurudi kuwa nyeupe, hasa kwenye baridi, jambo la kukumbuka kunapokaribia magharibi. Miwani ya njano inayouzwa kama dawa ya taa za usiku haina msaada unaotangazwa: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, ambao uliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, haukuona kwamba iliwasaidia kumtambua mtu anayetembea kando ya barabara.

Lenzi za kuvaa ndani ya jicho huondoa shida ya fremu, lakini zinahitaji mikono safi, na vumbi la barabara ya murram halizipendi. Kwa kazi ya bodaboda hapa, miwani bado ni chaguo bora.

Abiria naye

Mwalimu au mwanafunzi anayepanda bodaboda akiwa na miwani hupewa helmeti ya steji, ambayo haikununuliwa kwa kipimo cha kichwa chake. Akiona haiingii, huikataa, au hushika miwani mkononi na hivyo kubaki na mkono mmoja wa kujishikilia. Hapa jibu ni tofauti na la mwendeshaji. Abiria haongozi pikipiki, kwa hivyo anaweza kuvua miwani, kuiweka kwenye kasha gumu ndani ya mfuko, kisha akavaa helmeti na kufunga mkanda. Mwendeshaji ana wajibu wa kusubiri hayo yafanyike kabla ya kuondoka. Anayechukizwa na helmeti iliyovaliwa na wengi anaweza kubeba kitambaa chepesi cha kichwani, mradi kisiwe na fundo nyuma linaloinua helmeti.

Pa kuanzia

Leseni za kuendesha hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Huduma za afya za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni jukumu la serikali za kaunti. Mkazi anayehisi macho yake yamepungua nguvu anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu au kumuuliza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye atamwelekeza. Wenye kuhitaji uchunguzi zaidi hutumwa katika hospitali za rufaa, zikiwemo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira.

Kupimwa ni muhimu kuliko kununua miwani kwa kukisia, kwa sababu si kila giza la macho huondolewa na lenzi. Mtoto wa jicho na madhara ya kisukari huweza kuleta ukungu machoni vile vile, nayo presha ya macho mara nyingi huiba uwezo wa kuona pembeni bila maumivu. Mwendeshaji anayeshangaa kila mara magari yanapotokea ubavuni asingoje.

Na siku ya kuchagua fremu, aende na helmeti yake. Aivae pale dukani mbele ya anayemhudumia, aingize miwani, afunge mkanda na akae hivyo dakika 10. Fremu itakayomuuma barabarani itaanza kumuuma hapo hapo, kabla hajalipa.