Mstari mwekundu ni upi? Kuchagua rangi za grafu zinazosomeka na wote

Hebu fungua grafu ya mwisho uliyochora. Kama ina mistari miwili, huenda mmoja ni mwekundu na mwingine ni wa kijani. Tumezoea hivyo: nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Sasa, kwa baadhi ya wasomaji wako mistari hiyo miwili ina rangi moja tu, ya kahawia hivi. Na usitegemee kwamba watakuambia. Anaweza kuwa mtahini wa tasnifu yako, au mwanafunzi aliyekaa nyuma ukumbini siku unawasilisha. Atakodoa macho mpaka achoke, kisha atakubali maelezo yako bila kuuona ushahidi wenyewe.

Tuanze na jicho. Nyuma yake kuna retina, na humo mna seli zinazoitwa koni. Wengi wetu tuna koni za aina tatu: moja huitikia zaidi mwanga wa upande wa bluu, ya pili wa kijani, ya tatu wa nyekundu. Ubongo hutambua rangi kwa kulinganisha jinsi aina hizi tatu zilivyoitikia. Aina moja ikikosekana, au ikiitikia tofauti na kawaida, ulinganisho huo unayumba. Ndiyo maana mtu mwenye upofu wa rangi kwa kawaida haoni dunia nyeusi na nyeupe. Hali hiyo ipo, ila ni adimu sana. Kinachompotea mara nyingi ni tofauti kati ya nyekundu, kijani, kahawia na chungwa, na wengine huchanganya bluu na zambarau, au waridi na kijivu.

Mbona ni wanaume zaidi? Jeni za koni za nyekundu na kijani ziko kwenye kromosomu X. Mwanamume anayo X moja. Ikiwa na hitilafu, hana akiba. Mwanamke anazo mbili. Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wanaume wapatao 8 kati ya 100 wana hali hii, na mwanamke 1 hivi kati ya 200. Kwa Waafrika viwango ni vya chini kuliko hivyo, lakini watu hawa tunao, madarasani na maofisini. Na makala yako ikitoka kwenye jarida la kimataifa, itasomwa huko Ulaya pia.

Wengine hawajui kabisa kwamba wako hivyo. John Dalton, mwanakemia wa Uingereza, alikuwa mtu mzima alipogundua kwamba rangi anazoziona si zile wanazoziona wenzake, na mwaka 1794 akaisomea jumuiya ya wasomi wa Manchester maelezo yake. Kama mwanasayansi aliyezoea kuchunguza alifika utu uzima bila kujua, usishangae mwenzako wa maabara naye hajui. Kwa hiyo kungoja mtu alalamike haitoshi. Anza wewe, kwa mambo matatu.

La kwanza, tumia rangi zilizokwisha kupimwa. Masataka Okabe na Kei Ito, wanabiolojia wa Japani, walipanga rangi nane ambazo watu wenye aina za kawaida za upofu wa rangi wanaweza kuzitofautisha: nyeusi, chungwa, bluu ya anga, kijani kinachoelekea bluu, manjano, bluu, nyekundu inayoelekea chungwa, na zambarau inayoelekea waridi. Ukitumia R, tangu toleo la 4.0.0 la mwaka 2020 zimo ndani tayari kwa jina Okabe-Ito. Kwa mistari miwili tu, bluu (#0072B2) na chungwa (#E69F00) zinatosha kabisa. Manjano iogope kwenye karatasi nyeupe: mstari mwembamba wa manjano hata mwenye macho mazuri anaukosa. Na kama kazi yako ni picha za hadubini zenye nyekundu na kijani, badilisha nyekundu iwe majenta. Data ni ile ile, ila sasa wengi zaidi wanaiona.

La pili, angalia weusi na weupe wa rangi, yaani ipi imekolea na ipi imefifia. Tofauti hiyo karibu kila jicho linaiona. Hapa ndipo rangi za upinde wa mvua zinapotuangusha kwenye ramani na picha za viwango. Bluu nzito iko mwanzo, nyekundu nzito iko mwisho, na katikati pamejaa rangi zinazong'aa. Piga fotokopi ya kawaida pale steshenari uone: kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa vyote vinatoka kijivu cheusi! Mpangilio unaoitwa viridis ulitengenezwa kuepuka hilo: huanza na zambarau nzito, ukapita kijani, ukaishia manjano, na kila hatua inang'aa kuliko iliyotangulia. Matplotlib ya Python iliufanya kuwa chaguo la kawaida kuanzia toleo la 2.0, mwaka 2017.

Wala usidhani hili ni la wenye upofu wa rangi peke yao. Mwaka 2011 Michelle Borkin na wenzake wa Harvard waliwapa watu picha za mishipa ya moyo watafute sehemu zenye dalili za ugonjwa. Picha zilipopakwa rangi za upinde wa mvua, watu walikosea zaidi kuliko zilipopakwa rangi zilizopangwa vizuri. Kwenye picha ya namna hiyo, sehemu iliyorukwa ni mgonjwa aliyeambiwa yuko salama.

La tatu, na hili ndilo kubwa: rangi isibebe ujumbe peke yake. Fikiria taa za barabarani. Dereva asiyetofautisha nyekundu na kijani anasimama vizuri tu, kwa sababu anajua taa ya juu ni ya kusimama na ya chini ni ya kwenda. Grafu yako nayo iwe hivyo. Mstari mmoja uwe mzima, mwingine wa vipande vipande. Nukta za kundi moja ziwe duara, za lingine pembetatu. Andika jina la kila mstari pale pale unapoishia, badala ya kumtuma msomaji kwenye ufunguo pembeni akalinganishe rangi. Na katika maelezo usiseme "kama mstari mwekundu unavyoonyesha"; sema "mstari wa juu, wa wagonjwa waliopata dawa".

Kabla hujatuma kazi, ichapishe kwa printa ya wino mweusi, umpe rafiki ambaye hajawahi kuiona, kisha muulize grafu inasema nini. Akijibu sawasawa bila kukuuliza "huu ni upi?", itume. Akikwama, rudi kwenye kompyuta. Kubadilisha rangi ni kazi ya dakika chache.