Muungano wa vifaa katika simu ya mkononi

Muungano wa vifaa katika simu ya mkononi ni mabadiliko ya kiteknolojia yaliyokusanya ndani ya simu moja kazi zilizokuwa zikifanywa na vifaa mbalimbali, kama vile redio, tochi, saa, kalkuleta, kamera na hata pochi ya fedha. Mara nyingi mabadiliko hayo huelezwa kwa kutaja simu janja, lakini katika sehemu nyingi za vijijini nchini Tanzania yalianza na simu ndogo za vitufe. Makala hii inahusu hasa hali hiyo, kama inavyoonekana katika maeneo ya wakulima wa pamba Usukumani, mfano kata ya Kasoli katika wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu.

Namna vifaa vinavyoungana

Zamani kila kifaa kilikuwa na utaratibu wake wa ndani. Redio kaseti ilitumia mkanda wa sumaku, kamera ilitumia filamu, saa ilitumia magurudumu yenye meno. Vifaa hivyo havikuwa na sehemu za kuchangia. Hali ilibadilika pale sauti, picha na maandishi vilipoanza kuhifadhiwa kwa njia ya dijitali, yaani kama namba. Prosesa inayopiga hesabu za simu inaweza pia kupiga hesabu za wimbo au picha.

Kwa sababu hiyo kuongeza saa, kengele ya kuamsha au kalkuleta hakuhitaji sehemu mpya. Inatosha kuandika programu. Tochi inahitaji taa moja ndogo ya LED, redio inahitaji chipu ndogo, na kamera inahitaji lenzi na kitambuzi cha mwanga. Betri, kioo, spika na vitufe vimo tayari.

Simu ya IBM Simon iliyouzwa Marekani mwaka 1994 ilikuwa na kioo cha kugusa, kalenda na kitabu cha anwani. Nokia 9000 Communicator ilifuata mwaka 1996. Mwaka 2000 kampuni ya Sharp ilitoa Japani simu ya J-SH04 yenye kamera, na iPhone ilitoka mwaka 2007. Simu hizo zilikuwa ghali, na kwa mkulima wa Simiyu hazikuwa na maana kubwa wakati zilipotoka.

Kitochi

Simu iliyobadilisha maisha vijijini ilikuwa ya bei ndogo. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003, ilikuwa na taa ya tochi juu yake, kengele, kalkuleta na vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Haikuwa na redio. Redio ya FM ilikuja katika matoleo ya baadaye, kama Nokia 1616. Watanzania huiita simu ya aina hii "kitochi", yaani imepewa jina la kifaa ilichokimeza.

Baadaye simu za Tecno na Itel, zinazotengenezwa na kampuni ya Transsion ya China, zilieneza matumizi ya laini mbili. Kabla ya hapo watu wengi walibeba simu mbili, kwa sababu kupiga simu kwenda mtandao mwingine kulikuwa na gharama kubwa. Hapo simu iliunganishwa na simu nyingine.

Katika nyumba isiyo na umeme, kitochi kinapunguza ununuzi wa betri za tochi na redio. Wakati wa kuuza pamba, mkulima anaweza kuzidisha mwenyewe kilo zake kwa bei iliyotangazwa, bila kungoja hesabu ya mnunuzi.

Pochi

Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, na Vodacom ikaianzisha Tanzania mwaka 2008. Mteja hupiga *150*00# na kufuata menyu. Intaneti haihitajiki, hivyo kitochi kinatosha.

Ni muhimu kuelewa kwamba fedha hazimo ndani ya simu. Zimo katika akaunti, na laini pamoja na namba ya siri ndiyo ufunguo wake. Anayepoteza tochi amepoteza tochi, lakini anayepoteza simu anaweza kurudishiwa laini na kukuta salio lake, mradi hakuna aliyejua namba ya siri. Hatari iko kwa wale, hasa wazee wasiosoma, wanaomtajia mtu mwingine namba hiyo ili awasaidie kutoa fedha. Tena, tangu muda wa mwisho wa usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofika Januari 2020, laini imefungamana na kitambulisho cha taifa.

Mipaka

Kifaa kimoja kina betri moja. Zamani betri za redio zikiisha, tochi iliendelea kuwaka. Sasa chaji ikiisha, nyumba hukosa mwanga, habari, saa na fedha kwa pamoja, na asiye na umeme wala sola hulipia kuchaji dukani. Pia redio ya simu hupokea FM tu, na kwa kawaida hutumia waya wa spika za masikioni kama antena. Masafa ya kati na mafupi, ambayo kwa miaka mingi yalifikisha idhaa za mbali vijijini, hayapatikani humo. Hii ni sababu mojawapo ya redio ya mezani kuendelea kutumika.

Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia kwa kuzuia namba zake za utambulisho zisitumike kwenye mitandao. Simu hizo ziliendelea kuwaka tochi, kupokea redio na kupiga picha, ila hazikuweza tena kupiga simu.