Kwa nini kafyu iliwalemea zaidi wakazi wa mitaa ya mabanda

Serikali ya Kenya ilipotangaza amri ya kutotoka nje usiku kuanzia Machi 27, 2020, ili kudhibiti virusi vya korona, sheria ilikuwa moja kwa wakazi wote wa Nairobi. Makali yake hayakuwa sawa.

Agizo la kukaa nyumbani humchukulia mtu kuwa na maji ndani, akiba ya chakula na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kibera na Mathare, ambako familia nyingi huishi katika chumba kimoja, mambo hayo hutafutwa nje, tena kila siku. Maji hununuliwa kwa mtungi, choo hutumiwa na nyumba kadhaa, nao unga na mafuta ya kupikia hununuliwa kwa vipimo vidogo, kulingana na pato la siku hiyo.

Kafyu ilianza saa moja jioni, wakati ambapo wauza mboga, samaki na chapati hupata wateja wengi, vibarua wakirejea makwao. Wanawake waliozoea kufua nguo katika mitaa ya matajiri nao walikosa kazi, kwa kuwa waajiri walihofia maambukizi. Aprili 6, watu walizuiwa kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Njia ya kurudi kijijini, kimbilio la wengi maisha ya mjini yanapokuwa magumu, ikafungwa hadi Julai.

Matokeo yalionekana mapema. Mwishoni mwa Machi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Kiamaiko, polisi walipokuwa wakitekeleza kafyu. Aprili 10, watu walikanyagana Kibera wakigombea chakula cha msaada.

Serikali iliwaondolea kodi ya mapato waliolipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, lakini nafuu hiyo haikumgusa kibarua asiye na mshahara rasmi. Mpango wa Kazi Mtaani, uliowalipa vijana kwa siku kusafisha mitaa yao, ndio uliokaribia zaidi namna wanavyoishi.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Funzo lililobaki ni kwamba amri ya kufunga mji isipoandamana na maji, chakula na kodi ya nyumba, maskini hulazimika kuchagua kati ya ugonjwa na njaa.